Koo la milimita 30

Gari niliuziwa bila kabureta, yaani vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Vingine vyote vilikuwepo: injini ya silinda nne ya cc 1,570, giaboksi ya gia tano, hata kitabu cha mwenye gari kilikuwa bado kwenye droo ya dashibodi. Lakini ubavuni mwa injini, pale ambapo Alfa Romeo GT 1600 Junior ya mwaka 1973 inatakiwa kuwa na kabureta mbili zilizolala, nilikuta mashimo manne yamezibwa kwa matambara. Aliyeniuzia alisema kabureta alishaziuza zamani, na kwamba kupata nyingine si kazi.

Ikawa kazi ya miezi minane. Nilinunua jozi moja isiyofaa, nikajifunza nilichopaswa kujua kabla ya kutoa pesa, kisha nikanunua jozi ya pili ambayo ndiyo iko kwenye gari mpaka leo. Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliye pale nilipokuwa mimi: amesimama mbele ya injini yenye mashimo, ana majina ya kabureta kichwani, Weber, Dellorto, Solex, SU, na hajui aanzie wapi.

Kwa nini zilale

Kabureta nyingi za magari ya kawaida ya zamani ni za kusimama. Hewa inaingia kwa juu, inashuka, halafu inakata kona kuelekea kwenye silinda. Kabureta moja inalisha silinda zote nne, na safari ya hewa kwenda silinda za pembeni si sawa na ya kwenda za katikati. Kabureta ya kulala inapokea hewa kwa ubavu na kuipeleka karibu kwa mstari ulionyooka hadi kwenye vali. Ukifunga mbili zenye matundu mawili kila moja kwenye injini ya silinda nne, kila silinda inapata koo lake (njia ya hewa iliyobanwa), kipepeo chake (kibamba kinachofungua na kufunga hewa) na jeti zake (vijitundu vinavyopimia petroli). Hakuna anayempokonya mwenzake.

Utamu wake unausikia mguuni. Kati ya kipepeo na vali kuna nafasi ndogo sana ya hewa, kwa hiyo ukikanyaga mafuta injini inaitika papo hapo. Na ile sauti ya kuvuta pumzi, nzito, inayopanda kadiri mizunguko inavyopanda, mtu akiisikia mara moja haisahau. Mimi niliisikia nikiwa mtoto, kwenye gari la mtu lililopita karibu yangu likipanda mlima, na nadhani gari hili nililinunua kwa ajili ya sauti ile.

Gharama ya utamu huo ni kwamba huna tena kabureta moja ya kurekebisha. Una nne, zimewekwa kwenye miili miwili, na zote zinatakiwa kukubaliana. Moja ikiwa imechoka, injini nzima inajua.

Namba ya nje na koo la ndani

Jozi yangu ya kwanza ilikuwa Weber 45 DCOE zilizotumika. Muuzaji alizipiga picha juu ya kitambaa cheupe, zimeng'arishwa, neno Bologna, mji zilikotengenezwa, linasomeka vizuri. Nilivutiwa na jina, na nikavutiwa na namba. Nilijiambia kwamba 45 ni kubwa kuliko 40, kubwa hupitisha hewa nyingi, na hewa nyingi ni nguvu. Kila hatua ya hesabu hiyo inaonekana sahihi mpaka ufungue kabureta.

Herufi tatu za kwanza za DCOE zinatokana na Kiitaliano, doppio corpo orizzontale, yaani matundu mawili yaliyolala. Namba 45 ni kipenyo cha tundu pale kipepeo kilipo, kwa milimita. Hicho sicho kipimo kinachoamua injini itavuta vipi. Ukichungulia kwa mbele utaona pete inayoweza kutolewa, imebanwa katikati kama kiuno cha dondora, na kwenye ukingo wake imegongwa namba nyingine: 30, 32, 36. Hilo ndilo koo, na hiyo ndiyo namba ya kuulizia kwanza.

Koo lina kazi moja, kuibana hewa ili ikimbie. Hewa ikikimbia shinikizo lake linashuka, na petroli inapanda kutoka chemba ya boya (kijitangi cha petroli ndani ya kabureta), inapita kwenye jeti kuu, inachanganyika na hewa ndani ya mrija wa povu, halafu inatokea kwenye mdomo mdogo ulio katikati ya koo. Bila kasi hakuna mvuto, na bila mvuto petroli haipandi inavyotakiwa.

Jozi ile ilikuwa na koo za 36. Silinda moja ya injini yangu ina ujazo wa takriban cc 392, na koo linaloifaa ni la 30. Chukua kalamu. 36 mara 36 ni 1,296. 30 mara 30 ni 900. Eneo limekua kwa asilimia 44, kwa hiyo kwa mizunguko ileile ya injini hewa inapita kwa kasi ya takriban asilimia 69 ya ile ya koo la 30. Na kwa kuwa mvuto unakwenda na mraba wa kasi, unabakiwa na chini ya nusu ya mvuto uliokuwa nao. Hesabu hii ni ya dakika mbili, na sikuifanya.

Barabarani ilijieleza yenyewe. Juu ya mizunguko 5,000 kwa dakika gari lilikuwa linaruka. Chini ya 3,500 lilikuwa linasita, linakohoa, linanuka petroli, na kuondoka kwenye taa za barabarani ilinibidi nipandishe mizunguko kama mtu anayeanza mashindano. Mashindanoni koo kubwa lina maana, kwa sababu injini haishuki chini. Gari la kwenda nalo kazini na kurudi linaishi kati ya mizunguko 1,500 na 4,000, na huko ndiko koo kubwa linakokunyima.

Ningeweza kubadilisha koo tu, nikaweka ndogo ndani ya 45. Mafundi wengi hushika kanuni kwamba koo liwe takriban asilimia 80 ya kipenyo cha kipepeo. Kwa koo la 30 inatoka 37.5, na kabureta ya 40 ndiyo iliyo jirani. Zaidi ya hapo, tundu la 45 lilikuwa linakutana na manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) iliyotengenezwa kwa ajili ya 40, na pale kwenye maungio palikuwa na ngazi ninayoweza kuigusa kwa kidole. Hewa iliyotoka kukimbizwa kwa nguvu inagonga ukuta wa milimita mbili na nusu kila upande. Niliacha.

Na sijasema mabaya yaliyobaki. Namba inayofuata baada ya DCOE inaeleza toleo: jinsi matundu ya mpito yalivyopangwa, mfumo wa kuwashia injini ikiwa baridi, na mengine. Moja ya kabureta zangu ilikuwa 45 DCOE 9 na nyingine 45 DCOE 13. Hazikuwa jozi. Zilikuwa kabureta mbili zilizokutana kwenye kitambaa cheupe.

Majina, na kila jina lina nini

Baada ya hapo nilikaa chini kusoma, na nikaanza kuziona kabureta hizi kama kazi ya watu na si kama majina ya kutambia.

Weber ilianzishwa na Edoardo Weber mjini Bologna, Italia, mwaka 1923. Yeye mwenyewe alitoweka mwaka 1945 na hakuonekana tena. Fiat iliichukua kampuni mwaka 1952, na mwaka 1992 utengenezaji ukahamia Hispania. Kwa hiyo Weber mpya kabisa unayoinunua leo, kwa mfano 40 DCOE 151 au 45 DCOE 152, ni ya Hispania. Wako wanaosema za Bologna ni bora kwa asili yake. Mimi sikubaliani nao. Ya Bologna iliyofanya kazi miaka hamsini ni kabureta ya miaka hamsini, na mwili mpya una faida ambayo muhuri hauwezi kushinda: shafti yake, fimbo inayobeba vipepeo, haijapindwa na mtu.

Ubora mkubwa wa DCOE ni kwamba inajulikana. Jeti, koo, mirija ya povu na gasketi zake zinapatikana kuliko za kabureta nyingine yoyote ya aina hii, na tatizo lolote utakalolipata limeshampata mtu kabla yako. Shafti yake inazunguka kwenye beringi za gololi, jambo linaloifanya iishi muda mrefu. Udhaifu wake ni kwamba umaarufu umezaa nakala. Ziko nakala zinazouzwa kwa jina lao wenyewe, na hizo angalau ni wazi, na ziko zinazojaribu kupita kama Weber halisi. Tazama ndani ya chemba ya boya, mahali ambapo hakuna anayeng'arisha: uso ukiwa unakwaruza, kingo zina mabaki ya chuma kilichomiminwa, maandishi hayakukaa sawa, rudisha.

Dellorto ni ya Italia pia, ya mwaka 1933, na kabureta yake ya kulala ni DHLA. Inafungwa kwenye bolti zilezile za DCOE, kwa hiyo ukiwa na manifoldi ya moja, nyingine inakaa. Fundi aliyezoea Weber akiifungua DHLA anaona tofauti chache zenye maana. Skrubu ya kurekebishia mchanganyiko ina nyuzi nyembamba zaidi, kwa hiyo mkono unapata nafasi ya kurekebisha kidogo kidogo. Pampu ya kukanyagia mafuta inatumia dayaframu ya mpira, wakati Weber inatumia pistoni ndogo yenye springi. Dayaframu inapiga vizuri ikiwa nzima, ila inakauka kabureta ikikaa kabatini, na ni lazima uhesabu mpya kwenye bajeti yako. Jeti ya sailensa, ile inayoilisha injini usipokanyaga mafuta, ni vipande viwili: jeti na kishikio chake, na kila kimoja kina namba yake. Shida ya Dellorto ni spea. DHLA hazitengenezwi tena, na kumpata muuzaji mwenye vishikio vya namba unayoitaka kunahitaji subira.

Solex ya kulala nimeigusa mara moja tu, ya Kijapani. Mikuni, kampuni ya Japani, ilipata leseni ya Solex mwaka 1960, na kabureta zake za 40 PHH, tatu kwa pamoja, ndizo zilizokuwa kwenye Toyota 2000GT. Ukiwa na gari la Kijapani la zama zile, hiyo ndiyo njia ya asili na sioni sababu ya kuiacha. Kwa gari langu ingekuwa kulazimisha.

Halafu kuna SU, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wa Weber wanaidharau bila kuielewa. Rafiki yangu ana MGB, gari la Kiingereza, yenye SU mbili za aina ya HS4, na gari lake linawaka asubuhi kwa urahisi kuliko langu mpaka leo. SU ni kabureta ya kulala pia, lakini koo lake halina kipimo kimoja. Ndani kuna pistoni inayopanda na kushuka kufuata kiasi cha hewa injini inachovuta. Injini ikivuta kidogo, pistoni iko chini na njia ni nyembamba. Ikivuta kwa nguvu, pistoni inapanda na njia inapanuka. Chini ya pistoni kuna sindano iliyochongwa ikipungua unene kuelekea nchani, imeingia kwenye jeti moja tu. Pistoni ikipanda, sindano inapanda nayo na petroli inapata nafasi zaidi. Mvuto kwenye jeti unabaki karibu uleule wakati wote. Lile tatizo langu la koo la 36, SU ililitatua tangu mwanzoni mwa karne ya 20, familia ya Skinner ilipoibuni Uingereza.

Jina lake lenyewe ni mkato wa Skinner Union. Namba ya HS ni rahisi pia: ni sehemu za nane za inchi juu ya inchi moja, kwa hiyo HS4 ni inchi moja na nusu, na HS6 ni inchi moja na robo tatu. Kuitunza ni kuweka oili kwenye kizuizi cha pistoni, kuhakikisha pistoni inashuka huru na kugonga chini kwa sauti safi, na kuangalia uchakavu wa shafti, kwa maana hapa hakuna beringi za gololi na hewa hupenya pembeni shafti ikilegea. Stromberg CD inafanya kazi kwa wazo hilohilo, ila pistoni yake inainuliwa na dayaframu ya mpira. Kama gari lako lilitoka kiwandani na SU, na huendi mashindanoni, nakushauri uzifufue hizo kabla ya kuota Weber.

Jambo lililonituliza kuliko yote nililipata kwenye historia ya gari langu mwenyewe. Alfa Romeo, kwa familia hii ya injini, ilifunga Weber, Solex na Dellorto kwa nyakati tofauti. Gari lilelile, kiwanda kilekile, majina matatu. Wahandisi waliolibuni hawakuona kwamba roho ya gari iko kwenye muhuri. Waliangalia koo, jeti, na kama kabureta inafanya kazi. Tangu siku hiyo niliacha kutafuta jina nikaanza kutafuta jozi.

Siku ya kukagua

Jozi ya pili, Dellorto DHLA 40, nilizikuta kwa fundi mzee aliyekuwa anapunguza vitu vya karakana yake. Zilikuwa chafu. Mafuta yaliyoganda, vumbi, buibui ndani ya tundu moja. Lakini zilikuwa bado zimeshikana kwa fimbo yao ya kuunganishia, jinsi zilivyotolewa kwenye injini, na namba za toleo zilifanana.

"Shikamoo mzee. Naomba kuzifungua kabla hatujazungumza bei."

"Marahaba. Fungua, mwanangu, usione haya. Asiyetaka zifunguliwe ana lake."

Nilianza na shafti. Unashika ncha zake mbili, unajaribu kuitikisa juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Kisha unaizungusha polepole karibu na sikio. Beringi iliyoingiwa na kutu inasaga kama mchanga kati ya meno. Hizi zilikuwa nzito kwa uchafu ila hazikusaga.

Halafu jambo ambalo kwenye jozi ya kwanza sikulifanya. Nilifunga vipepeo kabisa, nikaweka tochi nyuma ya tundu, nikachungulia kwa mbele. Kipepeo kilichokaa sawa kinaonyesha uzi mwembamba wa mwanga unaolingana pande zote, au hakionyeshi mwanga kabisa. Nilipofanya hivyo baadaye kwa zile 45 zangu, kabureta moja ilionyesha tundu la kushoto giza tupu na la kulia mwezi mchanga mzima. Shafti ilikuwa imejipinda. Mtu alikuwa ameivuta kwa nguvu kupitia upande mmoja kwa miaka, na sasa kipepeo kimoja kinafunguka kabla ya mwenzake. Hakuna skrubu inayorekebisha hilo. Ni kubadilisha shafti. Za mzee zilionyesha nyuzi nne za mwanga zinazofanana.

Nikatoa skrubu za mchanganyiko, moja moja. Ncha yake inatakiwa kuwa laini na kali kama ya penseli iliyochongwa. Ukikuta mkunjo wa duara karibu na ncha, mtu aliikaza mpaka mwisho kwa nguvu, na huenda ameharibu kiti chake ndani ya mwili, na mwili hauna spea. Skrubu moja kati ya nne ilikuwa na mkunjo mdogo. Nilimulika kiti chake kwa tochi kwa muda mrefu. Kilikuwa kizima.

Chini ya kifuniko kidogo karibu na kipepeo kuna matundu ya mpito, madogo kama yaliyotobolewa kwa sindano. Haya hayapewi heshima yanayostahili. Kipepeo kinapoanza kufunguka, ukingo wake unayapita moja baada ya jingine, na hapo ndipo petroli inapotoka kabla jeti kuu haijaanza kazi. Mwendo mwingi wa barabara za kawaida, mguu ukiwa mwepesi, unaendeshwa na matundu haya pamoja na jeti ya sailensa. Kwenye moja ya zile 45 mtu alikuwa ameyapanua kwa keekee, bila shaka akijaribu kuponya kule kusita. Kabureta iliyofanyiwa hivyo usiinunue kwa bei yoyote. Hata waya usiingize humo, wala kwenye jeti. Shaba ni laini, na jeti iliyoandikwa 120 ina tundu la milimita 1.20, ukilikwaruza mara tatu huna tena jeti ya 120.

Mwisho nilifungua juu nikatazama chemba ya boya. Unga mweupe ni dalili kwamba maji yalikaa humo na alumini imeliwa. Palikuwa na unga kidogo kwenye pembe moja, sehemu isiyo na njia ya petroli. Nilimwonyesha mzee. Akaangalia, akasema ni kweli, akapunguza bei kabla sijaomba. Koo zilikuwa za 32. Nilijua hilo linabadilishika, na nilijua nitapata za 30.

Yanayokuja na kabureta

Bei ya kabureta si bei ya kazi. Nilipopiga hesabu mwishoni, jozi yenyewe ilikuwa kama nusu ya nilichotumia. Koo, jeti, seti ya mipira na gasketi, dayaframu mbili, vichujio vya hewa, springi za kurudishia, mipira ya kuungia kwenye manifoldi. Ukibajeti kabureta peke yake utakwama katikati.

Pampu ya petroli uiangalie mapema. Kabureta hizi zinataka shinikizo dogo, takriban psi 3, yaani bar 0.2. Pampu ya umeme ya gari lisilo na kabureta, linalonyunyiza petroli (injection), inasukuma takriban bar 3, mara kumi na tano ya hapo. Vali ya sindano kwenye chemba ya boya haiwezi kuizuia. Petroli itafurika, na itafurika juu ya injini ya moto. Pampu ya asili ya gari langu ilitosha. Anayetumia ya umeme achague ya shinikizo dogo au aweke kidhibiti.

Jeti zinafuata koo. Kanuni ya kuanzia ni kuzidisha koo mara nne: 30 inakupa jeti kuu ya 120. Jeti ya hewa, ile inayopimia hewa ya mrija wa povu, unaanza nayo juu ya hapo kwa takriban 50, yaani 170. Ni mahali pa kuanzia tu, na namba za Weber na za Dellorto usizihamishe moja kwa moja kutoka kabureta hadi kabureta. Nilianza na 120, nikasoma rangi ya plagi baada ya kupanda mlima mguu ukiwa chini kabisa, nikaishia 122. Tofauti ya milimita 0.02, na injini ilijua.

Siku ya kuwasha iliniumiza kichwa kwa sababu ambayo haikuwa kabureta. Nilikuwa nimeshapima vali, nimeshaweka taimingi ya moto, kwa kuwa hakuna haja ya kugusa kabureta kabla ya hayo mawili. Injini iliwaka. Nikaweka kipima hewa kwenye kila tundu, nikalinganisha mbili za mbele na mbili za nyuma. Matatu yalikubali. La tatu, skrubu ya mchanganyiko ukiifungua au kuifunga injini haikujali. Nilizitoa kabureta mara mbili, nikapuliza njia zote kwa hewa ya kompresa, nikarudisha. Hali ileile.

Kwenye Alfa hizi kati ya kabureta na manifoldi kuna mipira iliyogandishwa kwenye bamba za chuma, iliyokusudiwa kuzuia mtetemo wa injini usifike kwenye chemba ya boya na kuifanya petroli itoe povu. Mipira yangu kwa macho ilikuwa mizuri. Niliushika ule wa silinda ya tatu mkononi, nikaukunja kidogo kama mtu anayejaribu ukavu wa mkate, na ufa ukafunguka upande wa chini, mrefu kama ukucha, mahali ambapo ukiwa umefungwa kwenye gari huwezi kuuona. Hewa ilikuwa inaingia hapo bila kupita kwenye koo, na hakuna jeti inayoweza kuifidia. Nilinunua minne mipya. Usinunue mmoja, mitatu iliyobaki ina umri uleule.

Baada ya hapo skrubu ya tatu ilianza kuitika. Unaifungua robo mzunguko na sauti inakuwa nzito, unaifunga robo na injini inalegea, unarudi katikati na inatulia. Nilikaa pale na bisibisi mdogo kama saa nzima, nikizunguka kutoka ya kwanza hadi ya nne na kurudi, hata pale ambapo hapakuwa na haja tena. Sailensa ilikaa kwenye mizunguko 850, na kikombe cha chai kilichokuwa juu ya fenda hakikutikisa hata kidogo uso wake.

Asubuhi yake nililitoa barabarani. Gia ya tatu, mizunguko 2,000, nikakanyaga taratibu bila kubadilisha gia. Pale lilipokuwa linasita, halikusita. Lilivuta moja kwa moja, na ile sauti ikaanza chini na kupanda.

Zile 45 bado ninazo, kwenye boksi. Nitaziuza, kwa sababu mwili wa 13 ni mzima na mwenye injini kubwa, akibadilisha shafti na kuutafutia pacha wake, utamfaa; ya 9 ni ya spea tu. Ndani ya boksi nimeweka karatasi: 9 na 13, si jozi, shafti ya 13 imejipinda, matundu ya mpito ya 9, tundu la kulia, yamepanuliwa, koo 36. Juu ya karatasi nimeweka zile koo zenyewe, nimezitoa, ili atakayefungua aanze kuziona hizo.